Salamu Zilizoharibu Kipimo

Mpimaji wa neva katika hospitali ya misheni alikuwa na neno alilolirudia kuliko sala zake: "Taya." Alilisema kwa upole wa mtu aliyekwishachoka, huku vidole vyake vinavyonuka spiriti vikibandika upya waya kwenye utosi wa mgonjwa. Asubuhi hiyo mgonjwa alikuwa Jilala, mchimbaji aliyeporomokewa na shimo kule Nyarugusu. Hakuhisi miguu, na madaktari walitaka kujua kama umeme mdogo unaopigwa kwenye kifundo cha mguu ungefika kichwani. Ukifika, tumaini lipo. Lakini mashine ilidai mamia ya mapigo, na mgonjwa aliyelegea kabisa. Taya likikaza, kioo cha mashine hujaa mistari kama miiba na kazi huanza upya. Na kila jamaa aliyepita dirishani alisalimu, naye Jilala, Msukuma aliyelelewa vyema, akaitika.

"Mwangaluka," ikaja sauti ya mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

Mpimaji alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Ndugu yangu, salamu haiozi. Utaiitika baadaye."

"Nimnyamazie mama? Afadhali miguu ife."

Mpimaji akatoka nje, akamwamkia yule mama shikamoo, akamketisha kwenye benchi na kumsihi anyamaze. Akarudi, akaanza upya. Safari hii wimbi dogo lilichomoza kiooni, likakua taratibu, likabaki.

Akafungua dirisha. "Mama, sasa msalimie mwanao," akasema. "Mguu umesalimu, na kichwa kimeitika."