Taa Tatu Ndogo na Moja Kubwa

Katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Songea yakaanza kujaa tena sabuni, mitumba na redio za kaseti, Asumpta alikuwa na meza barazani kwake, mtaa wa Lizaboni. Juu ya meza palikuwa na bisibisi mbili, pasi ya kuchomelea iliyopashwa kwa mkaa, na mita ya zamani yenye mshale uliopinda kidogo. Alitengeneza tochi, redio na chochote kinachotumia betri. Wengine walimwita Mama Careen, kwa jina la binti yake. Watani walimwita Mama Volti.

Hakuwa amesoma sana. Aliishia darasa la nne kijijini Mpitimbi, akaolewa, akafiwa na mume mapema, kisha akafagia karakana ya umeme ya misheni kwa miaka kumi na mmoja. Pale karakana fundi mkuu alikuwa Bruda Edmund, mtawa mpole, mwenye masikio makubwa. Siku moja Bruda aliona kwamba skrubu anazofagia Asumpta hazitupwi bali zimepangwa kwenye kopo, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa. Kesho yake akamwita amshikie waya.

Ndivyo alivyojifunza, akiwa ameshika ufagio mkono mmoja na waya mkono wa pili. Bruda alimchorea pembetatu kwa chaki: V juu, I na R chini, bega kwa bega. V ni volti, I ni mkondo unaopimwa kwa ampea, R ni ukinzani unaopimwa kwa omu.

"Funika kwa kidole gumba kile unachokitafuta," alimwambia. "Vinavyobaki vitakuonyesha ufanye nini. Vikikaa kimoja juu ya kingine, gawanya. Vikikaa bega kwa bega, zidisha."

"Sasa omu ni kitu gani, Bruda? Naionaje?"

"Umewaona watu wanavyotoka kanisani Jumapili? Wanaosukuma nyuma, hao ndio volti. Wanaopita mlangoni kwa mara moja, hao ndio ampea. Wembamba wa mlango, hiyo ndiyo omu."

Maneno hayo Asumpta aliondoka nayo karakana ilipopunguza watu. Aliondoka nayo pamoja na ile mita, ambayo Bruda alimpa siku ya mwisho bila hotuba, imefungwa kwenye gazeti.

Mwezi wa Novemba, mwaka wa pili tangu aweke meza yake, alipata mgeni kutoka Mpitimbi. Alikuwa Notburga, muuguzi mkunga wa zahanati.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama. Shikamoo."

"Milele, amina. Marahaba, mwanangu. Careen hajambo?"

"Hajambo, ila miguu imevimba kidogo. Ndiyo maana nimekuja."

Moyo wa Asumpta ulishtuka. Notburga akacheka, akamshika mkono. "Miguu huvimba, mama, usiogope. Nimekuja kwa ajili ya taa."

Careen alikuwa ameolewa na mwalimu hukohuko Mpitimbi, na alitarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa Desemba. Mama yake alikuwa amemsihi mara tatu aje mjini mapema. Careen alikataa mara tatu. "Desemba barabara ni tope tupu, mama. Sitaki kuzalia juu ya lori. Na Notburga ananijua."

Asumpta hakubishana tena, lakini tangu hapo hakupata usingizi mzuri. Yeye mwenyewe, kabla ya Careen, alikuwa na mtoto mwingine. Alimzaa kwenye chumba chenye chemli moja yenye kioo kilichojaa masizi, mchana wa mvua, giza kama jioni. Mkunga wa siku zile alikuwa hodari, ila hakuona. Mpaka taa ya pili inaletwa kutoka kwa jirani, mtoto alikuwa amekwisha kwenda. Asumpta hakumlaumu mtu. Aliilaumu chemli, na hadi leo hakuweza kuona kioo cha taa kina masizi asikifute, hata kama ni cha watu.

Sasa Notburga alimweleza kwamba wanakijiji wamepata betri ya gari, ya volti kumi na mbili, bado nzima, na kuna mtu wa mashine ya kusaga atakayekuwa akiichaji. Kilichokosekana ni fundi wa kufunga taa chumba cha kujifungulia.

"Nataka taa kubwa juu ya kitanda, nione ninachofanya," alisema. "Na nyingine ndogo kwenye meza ya kumpimia mtoto."

"Nitazifunga," alisema Asumpta, hata kabla ya kufikiri atazifungaje.

Alikwenda kwa Swalehe, mfanyabiashara aliyetoka Nalasi na kufungua duka la vipuri vya pikipiki na baiskeli. Swalehe alikuwa mtu wa maneno mengi na bidhaa chache.

"Taa za volti kumi na mbili zimekwisha, Mama Careen. Inshallah mzigo utafika mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza mjukuu wangu atakuwa ameanza kutabasamu. Una nini?"

"Nina za volti sita, za pikipiki za zamani. Ile ya mbele, kubwa, imebaki moja tu. Za nyuma, ndogo, ninazo nyingi."

Asumpta aliziangalia. Sita na sita ni kumi na mbili. Hesabu hiyo kila mtu Songea aliijua, hata asiyejua kusoma, kwa sababu ya redio. Betri za redio, zile za duara ambazo watu huziita mawe, zikichoka hazitupwi. Zinaanikwa juani, kisha zinapangwa kwenye mwanzi uliopasuliwa, moja nyuma ya nyingine, na jiwe likizidi kuchoka unaongeza jingine. Jirani yake Bartolomeo, dereva mstaafu, alikuwa na mwanzi wa mawe saba. Volti hujumlishwa. Basi Asumpta alichukua taa kubwa moja na ndogo moja, akarudi nyumbani ametulia.

Siku iliyofuata aliazima betri ya gari kwa jirani, akaipeleka barazani. Alifunga taa zile mbili kwa mfuatano: waya kutoka betri kwenda taa kubwa, kutoka kubwa kwenda ndogo, kutoka ndogo kurudi betri. Bartolomeo alileta kigoda chake, akazima redio kwa heshima.

"Sita na sita?" aliuliza.

"Kumi na mbili."

"Basi washa, tuione Ulaya."

Asumpta aligusisha waya. Taa ndogo iliwaka nyeupe, kali, ikatoa mlio kama wa mtu anayefyonya, ikafa. Ile kubwa, ambayo ilikuwa imeanza tu kuwa nyekundu kama kaa la moto, ikazimika papo hapo.

"Mama Careen," alisema Bartolomeo, "kumbe ulikuwa unatupiga picha? Ungetuambia tuchane nywele."

Asumpta hakucheka. Aliitoa taa iliyokufa, akaitazama. Kioo kilikuwa kimefuka kijivu kwa ndani, kama masizi. Akilini aliona mikono ya Notburga, akaona kitanda, na aliyelala kitandani alikuwa Careen.

"Nenda kaendelee na redio yako, baba," alisema polepole. "Ngoja nifikiri."

Alikaa chini akachukua kipande cha mkaa. Akachora pembetatu ya Bruda kwenye sakafu ya baraza. Kisha akafanya kile ambacho alipaswa kukifanya kwanza: alisoma maandishi madogo kwenye shingo za taa, akizisogeza mbali na macho maana macho nayo yalianza kuzeeka. Kubwa ilikuwa volti sita, wati kumi na nane. Ndogo ilikuwa volti sita, wati sita.

Wati ukizigawa kwa volti unapata ampea. Kubwa: kumi na nane kwa sita, ampea tatu. Ndogo: sita kwa sita, ampea moja. Akafunika R kwa kidole gumba. Volti juu, ampea chini, gawanya. Kubwa: sita kwa tatu, omu mbili. Ndogo: sita kwa moja, omu sita.

Akaitazama namba hiyo. Taa ndogo ndiyo iliyokuwa na ukinzani mkubwa. Ndogo ndiyo mlango mwembamba.

Alikuwa ameifunga milango miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba, kwenye njia moja. Watu wale wale wanaopita wa kwanza ni lazima wapite na wa pili, na msukumano wote unakuwa kwenye ule mwembamba. Akaandika: omu mbili na omu sita, jumla nane. Volti kumi na mbili kwa omu nane, ampea moja na nusu. Sasa akafunika V, akazidisha. Kubwa: moja na nusu mara mbili, volti tatu. Ndogo: moja na nusu mara sita, volti tisa.

Tisa! Taa ya volti sita ilibeba tisa, na mwenzake akabaki na tatu, akakaa mwekundu kwa uvivu. Jumla ilikuwa kumi na mbili, kweli, lakini haikugawanywa kwa haki. Mawe yanaleta volti, kwa hiyo unayajumlisha tu. Taa hazileti, zinagawana, na kila moja huchukua kwa kadiri ya omu zake. Miaka yote ya kupanga mawe kwenye mianzi ilikuwa imemzoesha kuona kila kitu ni jiwe.

Angeweza kufunga ndogo mbili tu, zinazolingana, zingegawana sita kwa sita. Lakini mwanga wake usingetosha kitandani, na kubwa ilikuwa moja tu mjini kwa Swalehe. Alikaa, mkaa mkononi, mpaka maji ya ugali yakachemka na kukauka. Mlango mpana ulikuwa mmoja. Myembamba ilikuwa mingi.

Myembamba ilikuwa mingi. Je, ikikaa bega kwa bega?

Milango mitatu myembamba ukutani, pamoja, inapitisha watu sawa na mmoja mpana. Omu sita, gawa kwa tatu, omu mbili. Mbili za kubwa na mbili za ndogo tatu kwa pamoja, jumla nne. Kumi na mbili kwa nne, ampea tatu. Kubwa itapata ampea zake tatu kamili. Zikifika kwa ndogo zitagawana, moja moja. Volti sita huku, volti sita kule. Aliirudia hesabu mara nne, maana hakujiamini, kisha akajifunga khanga kiunoni akaenda dukani.

"Ile ndogo vipi?" aliuliza Swalehe.

"Imekufa. Nipe nne."

"Wallahi! Moja imekufa, unataka kuua nne? Mama, utanimalizia ukoo."

"Tatu zitafanya kazi. Moja itakaa akiba. Na ukiendelea kunicheka nitakuja kukutengenezea redio yako."

Swalehe alicheka, akazifunga taa kwenye karatasi, moja moja, kwa uangalifu zaidi ya siku ya kwanza.

Safari hii hakumwita mtu, ingawa Bartolomeo alikuja mwenyewe. Aligusisha waya. Kubwa ikawaka, na ndogo tatu zikawaka, nyeupe kwa utulivu, hakuna iliyomzidi mwenzake. Akaweka mita kwenye taa kubwa: mshale uliopinda ukasimama kwenye sita, ukazidi kidogo. Akaweka kwenye ndogo: pale pale. Bartolomeo alitazama, safari hii bila utani, kisha akauliza kama hesabu hiyo ingeweza kumpunguzia mawe kwenye mwanzi wake.

"Haiwezi, baba. Wewe nunua mawe mapya."

Wiki ya kwanza ya Desemba Asumpta alipanda lori la mahindi, taa zimo ndani ya debe lenye pumba zisivunjike. Alifunga kubwa juu ya kitanda, na zile tatu kwa mstari juu ya meza ya kupimia. Akamfundisha Notburga swichi, kisha akamfundisha jambo moja zaidi, akimshika bega.

"Ndogo moja ikifa, mbili zilizobaki zitawaka kali kuliko kawaida, na kubwa itafifia. Ukiona hivyo zima haraka, weka hii ya akiba, washa tena. Usiziache zikabaki mbili, zitaungua zote, nawe utakuwa gizani."

"Nimeelewa, mama."

"Rudia."

Notburga alirudia. Asumpta akamwambia arudie tena.

Hakurudi Lizaboni. Siku tisa baadaye, saa nane mchana, uchungu wa Careen ulipokuwa umepamba moto, mvua ilikuja kutoka upande wa milima, mawingu meusi yakakifanya chumba kiwe kama pango. Mabati yalipiga kelele hata mtu asimsikie mwenzake. Asumpta alikuwa nje ya mlango, kwenye benchi, rozari mkononi. Kwa kelele ile hakuweza kusikia sauti ya binti yake wala ya mkunga. Alichokuwa nacho ni ufa wa mwanga chini ya mlango.

Aliutazama huo. Ukififia, ndogo moja imekufa. Ukizimika kabisa, imekufa kubwa, au ndogo zote. Alisahau alipofika kwenye rozari, akaanza upya, akasahau tena. Ufa haukufifia. Ulibaki vile vile, mweupe, saa nzima na zaidi, mpaka mvua ikalegea, na ndani ya ule ulegevu akasikia kilio chembamba, cha hasira.

Notburga alifungua mlango, jasho usoni. "Msichana. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili, mama. Nilikiona, nikakitoa. Wote wazima. Ingia."

Asumpta aliingia. Careen alimtazama akatabasamu kwa uchovu, na mtoto alikuwa kwenye meza ya kupimia, anarusha miguu chini ya mwanga. Asumpta alisimama hapo juu yake, akainua mkono, akazikaribia taa tatu ndogo moja moja kwa kiganja, bila kuzigusa. Zote zilikuwa na joto lile lile.

Ndipo akanawa mikono, akampokea mjukuu.