Wanafunzi Wanaoiamkia Kompyuta

Saa tisa alasiri, wanafunzi wanne wamebanana mbele ya kompyuta moja katika duka la intaneti mjini Mwanza. Wanataka kujua namna ya kuondoa magugu maji yaliyovamia ziwa. Akelo, mwenye vidole vyepesi, anaandika: “Shikamoo. Tunaomba kujua magugu maji yanaondolewaje.”

Kompyuta inafikiri weee, kisha inajibu kwamba haikupata kitu.

“Hata marahaba hakuna!” anasema mwenzake Odongo. “Mwambie tumetoka Igoma kwa miguu, atatuhurumia.”

Bernadeta Maige, mhudumu wa duka, anacheka nao, ingawa moyoni hana raha. Mwenye duka amemweleza wazi: wanafunzi wakizidi kulipa na kutoka kapa, watakoma kuja, na kufika Krismasi hii ya 1999 kompyuta itauzwa. Kazi yake itakwenda nayo.

Mama huyu wa watoto watatu hulipwa shilingi elfu thelathini kwa mwezi. Zamani alipanga vitabu katika maktaba ya shirika moja la umma, hadi shirika lilipobinafsishwa na wafanyakazi wakapunguzwa.

“Maktaba ilikuwa na harufu yake,” anasema taratibu. “Mtoto akitafuta kitabu cha samaki, njiani anakutana na cha nyuki. Anasimama, anasoma, anasahau kengele. Hawa wa sasa wanabeba kinachotokea kwanza, wanakimbia. Juzi mmoja kanakili mpaka ‘bonyeza hapa’. Mwalimu akamuuliza, nibonyeze wapi?”

Anainama nyuma ya Akelo. “Mwanangu, humo hakuna mtu. Futa salamu. Weka majina mawili tu ya Kiingereza: la gugu na la ziwa.”

Ukurasa unafunguka mstari kwa mstari. Akelo anashika kalamu.

“Ngoja,” anasema Bernadeta. “Soma na ukurasa wa pili, huenda waandishi wanabishana.”

Kweli wanabishana. Wa kwanza unasifu dawa ya kunyunyiza. Wa pili unaonya kwamba dawa hiyo inadhuru samaki. Odongo, mtoto wa mvuvi, ameacha utani. Anavuta kiti.

“Mama, tutafutie na wa tatu.”

Bernadeta amemwomba mwenye duka ampe asubuhi za Jumamosi, ili yeye awafundishe wanafunzi bure. Hajajibiwa bado. Kila anapofungua mlango wa duka, humkabidhi Mungu ombi hilo.

“Nitawakalisha kwenye benchi, kompyuta imezimwa,” anasema. “Kila mmoja aniambie kwanza anatafuta nini, na kwa nini. Akishajua hilo, ndipo nitaiwasha.”