Nyanya Mbishi za Wamuyu

Wamuyu alipoolewa Mikinduri, mwaka uliofuata Uhuru, alitoka kwao Mbeere na sanduku la mabati, sufuria mbili, na mbegu za nyanya ambazo mama yake alimfungia kwenye pindo la leso. Sanduku liliota kutu, sufuria zikatoboka. Mbegu ziliendelea kuzaa.

Nyanya zenyewe zilikuwa kituko. Zilikuwa na mikunjo kama boga dogo, na hazikuwahi kuwa nyekundu. Zilianza kijani, zikakomaa kijani, zikaiva kijani. Dalili ya kuiva ilikuwa ni rangi hafifu ya chai ya strungi, ile isiyo na maziwa, upande wa kitovu, na ulaini kidogo zikibonyezwa kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Ukiikata moja, ndani unakuta kijani kinachong'aa, kama jani linalotazamwa kwa kuelekezwa juani. Ladha yake ilianza na ukali, ikamalizia na utamu, na mwenye kuionja huomba nyingine.

Shida ni kwamba Mikinduri hakuna aliyekubali kuionja. Wamuyu aligawa mbegu kama watu wengine wanavyogawa salamu. Akienda mtoni, anazo. Akienda kumtazama mama aliyejifungua, anazo. Watu walipokea, wakapanda, wakapalilia, kisha wakangoja nyekundu. Walingoja mpaka nyanya zikaanguka zenyewe na kuoza, ndipo walipokuja kulalamika.

"Mama Kiogora," jirani yake Peninah alimwambia siku moja, akiegemea ua, "nyanya zako ni mbishi. Nimezingoja mpaka nimechoka. Zimeanguka mbichi."

"Hazikuwa mbichi. Zilikuwa zimeiva, wewe ndiwe hukuzionja."

"Nile kitu kijani? Mimi ni mbuzi?"

"Mbuzi angekuwa amezimaliza zamani, na angekuja kushukuru."

Peninah alicheka, akaenda kung'oa miche yake yote na kupanda kabichi. Jina likabaki: nyanya mbishi. Kijiji kizima kilizijua kwa jina, na hakuna shamba lililokuwa nazo isipokuwa la Wamuyu.

Mbegu alizitunza kama mama yake alivyomfundisha. Alizichanganya na majivu na mavi ya ng'ombe, akafinyanga vidonge, akavibandika kwenye ukuta wa udongo wa jikoni, juu ya mafiga, mahali ambapo moshi ungewafukuza wadudu. Vilikauka hapo mpaka msimu wa mvua. Ukuta huo ndio uliokuwa ghala lake, na hakuwahi kumweleza mtu, kwa sababu kwao hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mwaka wa themanini na tano, mwezi wa tisa ukielekea mwisho, alishuka Mbeere kumwona kaka yake Kithaka. Alimkuta ameketi kivulini akichonga mpini wa jembe. Walikula, wakapiga soga, kisha Kithaka akasema bila kuinua macho, "Zile nyanya za mama zimekwisha huku."

"Zimekwishaje?"

"Ukame wa mwaka jana. Nilipanda za mwisho, jua likazila. Nimeuliza kila boma, hakuna." Akapuliza vumbi la mti. "Sikutaka kukuambia kwa kutuma mtu. Unazo?"

"Ninazo. Nitakuletea kabla ya mvua."

"Usiniambie utaleta, Wamuyu. Leta."

Alirudi Mikinduri moyo ukiwa mwepesi, maana neno la kaka yake lilikuwa rahisi kutimiza. Alipofika, mkamwana wake Lenah alimkimbilia njiani, akampokea kikapu, akamfunika macho kwa viganja vya mikono na kumwongoza mpaka mlango wa jiko. Lenah alikuwa hajamaliza mwaka tangu kuolewa na mwanawe Kiogora. Kwao ni Timau, kwenye baridi, na jiko la mama yake lilijengwa kwa mbao.

"Sasa fungua macho, Mama."

Ukuta ulikuwa mweupe. Ulikuwa umekwanguliwa, ukakandikwa udongo mpya, ukapakwa chokaa, na kuzunguka dirisha Lenah alikuwa amechora maua ya bluu. Juu ya mafiga palikuwa pasafi kama sahani.

Wamuyu alivuta kigoda akakaa.

"Pale juu palikuwa na uchafu mwingi," Lenah akasema kwa furaha. "Sijui ni popo. Nilikwangua kwa jembe mpaka mkono ukauma."

Wamuyu aliyatazama yale maua. Aliona jinsi kila jani lilivyochorwa kwa subira, na jinsi chokaa ilivyomkaukia msichana kwenye nyusi. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu," akasema, na alikuwa anamaanisha. Kisha akauliza, "Na ule udongo wa zamani uliutupa wapi?"

"Sikuutupa. Niliupeleka kanisani."

Ilikuwa hivi: mbele ya mlango wa kanisa palikuwa na shimo ambalo mvua ikinyesha lilikuwa dimbwi, na Mzee Salesio, mtunza kanisa, alikuwa ametangaza kila boma lilete karai moja la udongo pazibwe. Lenah alijaza karai la udongo wa ukutani, akalibeba kichwani, akaenda kuukanyaga pamoja na kina mama wengine, wakiimba.

Wamuyu alikwenda kupaona. Palikuwa pamekanyagwa pakawa pagumu kama barabara. Shambani kwake nako kiangazi hakikuacha mche hata mmoja. Alirudi, akapika, akashindwa kula. Siku ya pili Lenah alimbana aseme, akasema. Msichana alilia kwa kwikwi, na Wamuyu akambembeleza, akambembeleza, mwisho akamwambia, "Nyamaza. Afadhali wewe uliyefikiri ni popo. Peninah angesema ni mimi." Wakajikuta wanacheka huku machozi yakiwatoka, lakini usiku Wamuyu alilisikia neno la kaka yake: leta.

Mvua ilipokuja ilikuja vizuri, ya kutwa, ya taratibu. Wamuyu akaanza kupitia kanisani kila aendapo popote, hata kama huko aendako hakuko njia hiyo. Wiki ya tatu aliona miche midogo imechomoza kando ya kizingiti. Aliinama, akasugua jani kwa vidole, akanusa. Hakuhitaji zaidi.

"Mama Kiogora." Ilikuwa sauti ya Salesio, na jembe lilikuwa begani. "Sogea nipalilie."

"Mzee, hizi ni nyanya zangu."

"Zako? Udongo uliutoa sadaka ama hukuutoa?"

"Aliutoa mtoto, bila kujua."

"Sadaka hairudishwi. Lakini kung'oa chakula mlangoni pa Mungu sitang'oa. Zitakaa, zitaiva, na Jumapili ya mavuno zitaingia kwenye mnada kama vitu vingine vyote."

Akazizungushia miiba, akazisimikia miti, na kwa kweli alizitunza kuliko alivyotunza mahindi yake. Zilizaa mpaka matawi yakainama. Ndipo mateso ya Wamuyu yalipoanza upya, kwa sababu Salesio naye alikaa kungoja nyekundu.

"Mzee, zimeiva," Wamuyu alimwambia mwezi wa kwanza ulipoingia.

"Mimi nina macho."

"Bonyeza hapa tu, karibu na kikonyo."

"Mama Kiogora, toa mkono kwenye miiba."

Zilizoanguka Salesio alizifagia haraka, akiona zinaleta aibu mlangoni, akazitupa chooni. Kila asubuhi Wamuyu aliona pengo jipya kwenye matawi, na kila asubuhi Mbeere ilizidi kuwa mbali.

Jumapili ya mavuno, Salesio alikata tamaa, akachuma zote zilizobaki zilivyo na kuziweka kwenye kapu. Ibada ilipokwisha, mnada ukafanywa nje. Kuku walinunuliwa, ndizi, maharagwe, debe la njugu. Kisha Salesio akainua lile kapu, na watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Haya, nani ananunua nyanya mbichi?"

"Mpe Mama Kiogora, ni ukoo wake," Peninah akasema, na kicheko kikaongezeka.

Wamuyu alisimama kuzitaka, ila Lenah alikuwa mbele yake. Alipita katikati ya wazee, jambo ambalo mkamwana mpya hafanyi, akachukua nyanya moja kapuni, akaiuma. Maji yalimchirizika mpaka kwenye kiwiko. Alitafuna taratibu, uso umetulia, kila mtu akimtazama.

"Onja, Mzee," akasema, akimnyooshea nyingine.

Salesio hangeweza kukataa mbele ya kanisa zima. Aliuma kidogo, kama mtu anayeonja dawa. Akauma tena, safari hii kwa meno yote, na alipomaliza alilamba kidole gumba.

Hapo mnada ukapata moto. Mfanyabiashara wa miraa, mgeni aliyekuja na gari lake, akalitaka kapu zima na kutaja bei iliyowafanya watu wageuke. Wamuyu alijua litakakoishia. Kapu lingepanda gari, lingekwenda mjini, lingeliwa kwa chumvi, na mbegu zingeishia kwenye maji ya kuoshea vyombo.

Salesio aliinua mkono. Alimtazama mgeni, akalitazama kapu, akautazama ule uwanja uliozibwa mlangoni.

"Hizi siuzi," akasema. "Udongo wake uliletwa na kila boma, karai karai. Basi kila boma litachukua moja. Mle, lakini mbegu msimeze. Msimu ujao nataka kuziona mashambani mwenu, na sitaki kusikia mtu anangoja nyekundu."

"Wewe mwenyewe jana ulikuwa unangoja," Peninah akamwambia.

"Jana sikuwa nimekula."

Wakapanga mstari. Peninah alichagua yake kwa muda mrefu, akibonyeza kila moja, na alipokuwa anaondoka tayari alikuwa anamfundisha mwenzake mahali pa kuweka kidole. Boma la Wamuyu lilipata moja kama maboma mengine. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka nyumbani, na yeye na Lenah wakaikata juu ya sahani, wakatoa mbegu zote kwa ncha ya kijiko, wakagawana nyama yake wakiwa wamesimama.

Mbegu zilipokauka, alizigawa mafungu mawili, akashuka Mbeere na moja. Kithaka alimkuta njiani, kando ya shamba. Hakumsalimu kwanza, alinyoosha kiganja. Wamuyu akafungua karatasi iliyokunjwa, akamwagia. Kaka yake alizisukasuka mkononi, akazileta puani, ingawa mbegu kavu hazina harufu, kisha akamrudishia azishike na kwenda kuchukua jembe.

"Kaka, mvua bado," Wamuyu akasema, huku akicheka. "Jua hili lote?"

"Najua," Kithaka akajibu, na akaanza kuchimba.