Brashi ya Mwalimu kwenye Uso wa Mama

Mama alikubali nimchore kwa sharti moja: awe amevaa sare ya kanisa. Rinda la buluu, kitambaa cheupe kichwani, Biblia mapajani. Jumapili tatu mfululizo alikaa kwenye stuli nje ya chumba chetu pale Lindi, ndani ya Kibera, majirani wakimtania kwamba anapigwa picha ya kitambulisho, naye akicheka mpaka pengo lake likaonekana. Nikalichora hilo pengo. Ndilo lililonitaabisha kuliko kitu kingine chochote, na ndilo nililoringa nalo.

Mama huuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kwake, kuchora ilikuwa njia ya msichana mzima kukwepa kazi. Mwaka mzima nilikuwa nikienda mtaa wa Kawangware kila asubuhi, kujifunza pamoja na wanawake wengine chini ya msanii mmoja mwenye sifa zake, na kila jioni mama aliniuliza nimeleta nini. Picha ile ndiyo ingemjibu.

Mwalimu wetu alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa alipita kati yetu akiwa na brashi yake mwenyewe, na picha isipomridhisha hakusema irekebishwe, aliirekebisha yeye. Sisi tuliita hilo kubarikiwa. Tulicheka, lakini hakuna aliyethubutu kumzuia, maana ni yeye aliyeamua kazi ya nani itaingia kwenye maonyesho ya kuhitimu.

Ijumaa ya mwisho akasimama mbele ya mama yangu.

"Iko poa," akasema, "lakini haina maumivu. Wageni wanakuja kuona Kibera, si kwaya."

Akachovya brashi. Akaufunga mdomo wa mama. Akayazamisha mashavu. Sare ikawa leso iliyochanika, Biblia ikawa sufuria tupu. Mimi nilisimama pale nimeshika kitambaa cha kupangusia rangi, na alipomaliza nikamwambia asante. Ndiyo, asante. Neno hilo linanichoma mpaka leo kuliko hata brashi yake.

Siku ya maonyesho mama alifika na wenzake wawili wa kanisa, wote watatu wamevaa sare, wakafuta vumbi viatuni kabla ya kuingia. Alikuwa amewatangazia watu nusu ya Lindi kwamba amechorwa. Ningeweza kumwambia asije, lakini hata ujasiri wa hilo nilikosa.

"Yangu iko wapi?"

"Haikukauka, mum. Hiyo rangi ya mafuta inachukua muda."

Akaguna. Wenzake wakaangalia kando kwa adabu, wakijifanya hawakusikia. Nilidhani uongo huo umetosha, lakini mama hakuwa ametoka Lindi kuja kusimama mlangoni. Akazunguka ukuta mzima, picha moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye ile yenye jina langu chini na kibandiko chekundu cha kuonyesha imeshanunuliwa.

"Hii si ni yako?"

"Ni yangu."

Akaisogelea. Sijui niliogopa nini zaidi, ajitambue au asijitambue.

"Na huyu ni nani?"

Mwalimu alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, akiongea na mnunuzi. Nikasema, "Ni mama mmoja tu wa hapo Kibera, Soweto West."

"Woi, maskini. Kwani hana watoto?"

"Ako na mmoja."

"Na huyo mtoto ameona mamake akiwekwa hivi, watu wote wanamwangalia, akanyamaza?"

"Aliona," nikasema. "Alinyamaza tu."

Mama akasonya. "Huyo ni mtoto wa aina gani," akasema, kisha akawaambia wenzake watoke, wakaondoka wote watatu.