Vigae vya Mama Kifusi

Shangazi yangu walimwita Mama Kifusi kwa kejeli. Aliitika tu, mpaka kejeli ikawaishia mdomoni.

Mumewe alifukiwa mgodini, Mungu amrehemu. Watu walitegemea Shangazi arudi kwa kaka yake akalelewe. Yeye akachukua nyundo, akapanda kwenye lundo la mawe yaliyotupwa na mgodi.

"Wifi, unatafuta nini huko?" mama yangu akamuuliza.

"Shimo limenichukulia mume. Litaninyima hata jiwe?"

Aliyatwanga, akachekecha unga wake kwa pazia kuukuu, akauchanganya na udongo wa mfinyanzi, akafyatua vigae. Tanuri la kwanza lilimwaibisha. Alikuwa amechagua mawe yanayometameta, kwani kila mtu wa hapa hufundishwa tangu utotoni kwamba kinachometa ndicho chenye thamani. Vigae vilivimba, vikapasuka, mtaa mzima ukanuka mayai viza.

"Mama Kifusi, umepika au umeozesha?" fundi cherehani, jirani yetu, akamtania.

"Ziba pua, shemeji. Kesho napika tena."

Tangu hapo akawa anatupa yenye kumeta na kubakiza yaliyofifia. Vigae vikatoka vigumu, vyekundu kama ini. Nusu ya mtaa inavikanyaga mpaka leo, wakiwemo waliomcheka.

Alipougua aliweka vingine chini ya kitanda. "Hivi ni vya kaburi langu," akaniambia. "Cha dukani sitaki."

Juzi tumemzika. Jana nilipeleka vigae vyake makaburini pamoja na fundi mwashi. Baba Mkubwa, kaka yake, akaja na maboksi ya vigae vyeupe vya dukani.

"Dada yangu halali chini ya takataka za shimo lililomuua mumewe. Tutachekwa!"

"Baba Mkubwa, walimcheka miaka yote, wala hakufa kwa kicheko."

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu kwa heshima, lakini nakujibu. Mungu alipomuumba mtu alishika udongo. Hakwenda dukani."

Fundi mwashi alisimama na mwiko mkononi, hajui amsikilize nani. Nikamnyang'anya. Nikapiga magoti, nikapaka saruji, nikalaza kigae cha kwanza.

"Kimepinda hicho," Baba Mkubwa akasema.

"Kinyooshe basi, mzee wangu."

Hakukinyoosha. Akaondoka bila kuaga. Machozi yalinitoka, lakini mkono haukusimama. Nilianzia miguuni, nikaendelea kulaza mpaka kichwani kwake.

Leo asubuhi maboksi yake bado yako pale. Akitaka ayafuate. Kaburi limekwisha.