Kulala Tambarare

Wakati wa Mwingereza, minyoo ilitutesa sana watoto wa shule yetu ya mlimani. Mama zetu walishuka hadi boma la serikali, Same, kuomba daktari apande shuleni. Mama alinichukua ili tumbo langu likaonekane.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alijibu kwamba sisi ndio tushuke, tulazwe hospitalini. Yafaa ujue, msomaji wangu, kwamba kwetu mbu walikuwa wachache. Aliyelala tambarare alirudi na homa, na wengine hawakurudi.

“Washuke na minyoo, wapande na homa?” mama aliuliza.

Karani wake akaninyoshea kidole, akatafsiri jibu: “Mama, huyu aanze kulazwa leo.”

Nilimng’ang’ania kanga. Mama aliketi sakafuni, akanipakata.

“Basi mtulaze wote wawili.”