Nilimfukuza Cucu Kwa Sababu Hakuimba Jina la Mjukuu

Kosa ni langu. Nasema mapema kwa sababu najijua. Nikianza kueleza vile mambo ilienda, nitafika mahali nianze kujitetea, na mimi nikijitetea huwa nashinda. Hii sitaki kushinda.

Mimi ni kijana wa huku Manyatta, Embu. Kazi yangu ni kuimba na watoto wadogo, wa kutoka miezi sita mpaka miaka minne, pamoja na watu wenye wamewaleta. Najua vile inasikika. Vijana wa rika yangu wako kwa bodaboda na kwa majani chai, mimi niko chini kwa mkeka nikitingisha chupa iko na maharagwe ndani. Sikusomea. Kibodi nilijifunza kanisani kwa kuangalia vidole vya mwenye alikuwa anacheza. Hayo mengine yote nilifunzwa na Ticha Wanja.

Ticha Wanja ndiye alianzisha hiyo klasi, kila Jumamosi asubuhi, kwa ukumbi nyuma ya kanisa. Alinichukua wakati nilikuwa nimefukuzwa kazi mbili kwa sababu ya mdomo. Mtu akimsema vibaya nikisikia, afadhali angenitukana mimi.

Mwaka jana alienda kujifungua, akaniachia klasi miezi mitatu. Aliniambia kitu moja tu.

"Usilazimishe mtu kuimba. Awe mtoto, awe mzazi. Mwenye amenyamaza anasikiliza."

Nikasema sawa, Ticha.

Sasa, klasi yetu huanza na salamu. Tunakaa duara, kila mtoto kwa mapaja ya mtu wake. Mimi naimba, "Nani amekuja leo?" Mzazi anaimba jina la mtoto wake, peke yake, halafu sisi wote tunalirudisha mara tatu tukipiga makofi. Mtoto akisikia jina lake kwa midomo ya watu kumi na tano, unamwona akikaa wima kama chifu.

Kulikuwa na cucu mmoja, yaani nyanya, mwenye alikuwa anakuja na mjukuu wake wa miaka miwili na nusu. Kwa kitabu cha klasi mtoto ameandikwa Nyaga. Mama ya mtoto anafanya kazi mbali, kwa hivyo cucu ndiye anamlea. Huyo mtoto hakuwa anaongea. Hata neno moja. Kliniki walisema masikio iko sawa, wakamshauri cucu amtafutie mahali kuna watoto wengine na nyimbo. Walikuwa wanatoka huko juu karibu na msitu, kwa miguu, viatu zimejaa matope, na hawakuwahi kuchelewa.

Wakati wa Ticha Wanja, salamu ikifika kwa cucu, Ticha mwenyewe alikuwa anaimba "rafiki yetu amekuja" na kupita. Mimi nilidhani anasahau jina. Sikuuliza. Mimi sipendi kuuliza kitu kama naweza kukisia.

Nikaanza kuongoza. Ikifika kwa cucu, kimya. Anaangalia mkeka. Narudia, "Nani amekuja leo?" Kimya. Mimi naimba Nyaga, watu wanaimba Nyaga, na mtoto hata hageuki. Wiki ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Ya tatu nikaanza kuihesabu kama dharau.

Wiki ya nne nilikuwa natandika mikeka, Mama Shantel akaja karibu. Huyu ni mzazi wa klasi, na ni mtu wa kubeba habari za watu.

"Unajua kuna mtu humu anasema Ticha wenu anawachezea tu? Ati watoto wanatingisha chupa na hawajui hata a, e, i, o, u."

"Nani huyo?"

"Mimi sitajangi watu. Wewe angalia tu mwenye haimbi."

Baadaye nilikuja kujua alikuwa anamaanisha bwana yake mwenyewe, mwenye alikuwa anakaa kwa kona na simu. Lakini hiyo asubuhi mimi niliangalia cucu.

Tukaanza salamu. Ikafika kwake. Kimya.

"Cucu, leo tutangoja," nikasema.

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni mchezo.

"Cucu, jina la mtoto."

"Endelea na wengine, mwalimu."

"Wengine wameimba. Tumebaki na wewe tu."

Akaongea chini chini, "Mwite wewe."

"Si mtoto wangu. Unamleta hapa kila wiki ufanye nini, utukague? Mtoto hawezi kuongea kama kwao hakuna mtu anamwita. Imba jina ama utoke."

Nilisema hivyo. Kwa mtu mwenye angenizalia mama. Mbele ya watoto wa kunyonya.

Mtoto akaanza kulia, ile ya machozi bila sauti. Cucu alichukua leso, akaifungua vizuri, akaikunja tena, akasimama.

"Twende, Mzee," akasema.

Na mtoto akageuka saa hiyo hiyo, akanyoosha mikono abebwe.

Sasa nisikilize hapa. Huku kwetu mtoto huitwa jina la mtu wa ukoo, babu ama nyanya. Na mama wa zamani hakuwa anamtaja bwana yake kwa jina. Alikuwa anamwita Mzee, ama Baba Fulani, basi. Hiyo desturi mimi siijui kwa kuambiwa. Mama yangu mwenyewe anamwita ndugu yangu mkubwa "baba", kwa sababu alipewa jina la babu, babake mama. Hata akimchapa alikuwa anamwita baba.

Kwa hivyo nilielewa. Nilielewa cucu akiwa hajafika mlangoni.

Nikaanza wimbo wa pili.

Mchana Ticha Wanja akanipigia simu. Mtoto wake mchanga alikuwa analia hapo nyuma.

"Ulimwambia nini cucu?"

Nikamweleza. Sikupunguza chochote, na mimi kupunguza najua.

"Nyaga ni bwana yake," akasema. "Alikufa mtoto akiwa bado tumboni. Huyo mama hajawahi kulitamka hilo jina, hata siku ya mazishi. Ungemuuliza kando angekwambia, vile aliniambia mimi."

"Ticha, nilisikia kuna mtu anakusema."

"Nilikutuma unipiganie?"

Akambembeleza mtoto wake kwanza.

"Kuna kitu kingine," akasema. "Mtoto alikuwa ameanza kuimba. Nyumbani, kwa zizi, akiwa na ng'ombe. 'Nani amekuja leo.' Maneno haijakaa vizuri lakini sauti ni hiyo. Cucu alinipigia Jumatano akilia kwa furaha. Akanikataza nisikwambie. Alitaka mtoto akuimbie mwenyewe, ufurahi."

Ticha hakunifokea. Kama angenifokea ningejua mahali pa kushika.

Jumatatu nikapanda huko juu. Cucu alikuwa anachuma majani chai. Aliniona kutoka mbali, akamaliza mstari wake kwanza, halafu akanipeleka nyumbani, akaniwekea chai na nduma.

"Cucu, nimekuja kuomba msamaha."

"Kula kwanza."

Nikala. Ukiwa na makosa nduma haimezeki, lakini nilimeza yote, sikutaka aone nimebakisha.

"Mimi nilikusamehe tukiwa njiani kurudi," akasema. "Nilikuwa nimebeba mtoto. Singeweza kubeba na wewe."

"Basi mtarudi Jumamosi?"

"Hapana."

"Si umesema umenisamehe?"

"Mimi, ndiyo. Mzee ni mtu mwingine."

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, jicho moja nje. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaanza kuimba ile salamu polepole, nikidhani atakuja. Aliziba masikio na mikono yote mbili. Cucu akaniambia, bila hasira yoyote, "Wacha. Hatuimbi hiyo tena hapa."

Niliteremka bila kuongea na mtu. Wenye wananijua wanajua hiyo si kawaida.

Ticha Wanja alirudi. Hakunifukuza. Siku hizi, mtu akileta mtoto mara ya kwanza, anamuuliza kando, "Nyumbani mnamwitaje?" na hilo ndilo tunaimba. Salamu anaongoza yeye. Mimi naanzia wimbo wa pili.

Mtoto sasa ako nasari. Anaongea. Mwalimu wake anasema wanamtuma nje apumzishe wengine masikio. Anagombana na kuku, anamuuliza pasta maswali, anaimba njiani akitoka shule mpaka wachuma chai wanajua saa ni ngapi. Naambiwa ako na sauti nzuri. Naambiwa na watu wengi.

Tukikutana njiani anashika sketi ya cucu na kufunga mdomo.

"Salimia mwalimu, Mzee," cucu anamwambia.

Ananiangalia tu. Sio kwa ubaya. Anangoja nipite.

Wewe mwenye unaongoza watoto wa watu, kanisani, shuleni, popote, nakuomba. Mzazi akinyamaza, muulize mkiwa wawili, tena ukiwa umepoa. Habari ya kuletewa kwa mkeka, iache kwa mkeka. Na ukijua umekosea, simamisha wimbo hapo hapo. Usiseme utaenda kuomba msamaha Jumatatu. Mimi ningeita tu, "Cucu, ngoja," na wangerudi kukaa. Nilikuwa na kibodi kwa mapaja na watu kumi na tano wakiniangalia, nikaona aibu. Watoto wakatingisha chupa, mimi nikahesabu moja, mbili, tatu, na mlango ukafungwa.